Mmiliki wa Maisha na Mamlaka Yake Juu ya Ardhi ya Ukoo

Katika maswali yaliyowasumbua wanasheria wa Uingereza kwa karne nyingi, ni machache yaliyolishinda hili kwa uzito, wala kwa gharama: mtu aliyepewa ardhi aile maisha yake tu, kisha akifa ipite kwa mwanawe ambaye pengine hajazaliwa bado, ana mamlaka gani juu ya ardhi hiyo siku zote anazoishi? Aweza kuiuza? Aweza kuipangisha kwa muda utakaopita umri wake mwenyewe? Aweza kukata miti, kuchimba makaa ya mawe, kubomoa nyumba ya babu yake, au kuyaweka rehani mashamba ili atoe mafungu ya dada zake? Swali hilo halikuwa la watu wachache, kwa kuwa mpaka katikati ya karne ya 19 wengi katika wale mabwana wakubwa wa Kiingereza, ambao mgeni aliwaona wamepanda farasi kati ya maelfu ya ekari akawadhania kuwa ndio wenyewe, kwa macho ya sheria hawakuwa na zaidi ya haki ya kukaa na kula mapato mpaka siku ya mauti yao.

Msomaji wa pwani yetu, aliyekulia katika mitaa yenye nyumba za wakfu na kuyajua mashamba ambayo watu huyala mazao yake wala hawawezi kuyauza, hataliona swali hili kuwa geni. Lakini jawabu walilolitoa Waingereza ni la namna yake, nalo lastahili kuchunguzwa polepole, kwanza kwa sababu liligeuza hali ya ardhi katika nchi yao, na pili kwa sababu mahakama zao wenyewe, zilipoketi kuhukumu wakfu za Waislamu wa Bara Hindi na za Afrika Mashariki, zilitoa jawabu jingine kabisa, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa na insafu ndogo kuliko lile walilojichagulia nyumbani.

Hila ya kuifunga ardhi ilianza zamani. Mwaka 1285, katika enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza, ilipitishwa sheria iliyoamuru kwamba ardhi aliyopewa mtu pamoja na dhuria wake isitoke mikononi mwa dhuria hao. Lakini wanasheria wakabuni njia ya kuivunja kwa kufungua mashauri ya uongo mbele ya majaji waliojua fika kwamba ni ya uongo, na kufikia mwaka 1472 njia hiyo ilikuwa imekwisha kupata kibali cha mahakama. Ndipo katika karne ya 17, wakati wa vita baina ya Mfalme na Bunge, ambapo mali ya mtu ilikuwa hatarini kunyang'anywa kwa sababu ya upande aliouchagua, waandishi wa hati, na mashuhuri wao akiwa Orlando Bridgeman, wakaunda hati mpya iliyo imara kuliko ile ya kwanza.

Hati hiyo kwa desturi iliandikwa karibu na harusi. Kijana aliyekuwa anataka kuoa alipewa ardhi kwa maisha yake tu, na baada yake ikaandikwa kwa mwanawe wa kwanza wa kiume, ambaye mama yake alikuwa bado hajavaa nguo za harusi. Mke akawekewa fungu la kila mwaka la kumtunza endapo atafiwa na mume. Na watoto waliobaki, wa kike na wadogo wa kiume, wakaandikiwa fedha za kulipwa mara moja, zitakazotolewa katika ardhi ile ile ambayo hawatairithi. Kuifunga ardhi milele hakukuruhusiwa: tangu hukumu ya shauri la Duke wa Norfolk ya mwaka 1682 ilianza kujengeka kanuni ambayo, ilipokamilika, ilisema kwamba kifungo kisivuke umri wa watu walio hai na miaka 21 baada yao. Basi mjukuu akitimiza miaka 21 angaliweza, kwa shauri moja na baba yake, kukivunja kifungo chote na kuiacha ardhi huru. Lakini kijana wa umri huo hana fedha, baba yake bado ni mzima na huenda akaishi miaka 30 mingine, na wadai wa farasi na wa mavazi wanamngojea. Baba humwita katika chumba cha vitabu, humwonyesha karatasi inayomkatia posho ya kila mwaka kuanzia siku ile, na chini yake karatasi nyingine inayomfanya yeye pia awe mmiliki wa maisha, na mwanawe asiyezaliwa awe ndiye mrithi. Kijana hutia saini zote mbili. Kwa jinsi hiyo kifungo ambacho sheria ilidai kina mwisho kilifungwa upya kila kizazi, na koo zikaweza kupita miaka 200 pasipo mtu hata mmoja ndani yake kuwa na ardhi kamili kwa muda uliozidi saa ile ya kutia saini.

Hali ya mmiliki huyo kwa sheria ya kale ilikuwa ni dhiki iliyovikwa fahari. Hakuweza kuuza ila kile alichokuwa nacho, yaani umri wake mwenyewe, na nani atanunua kwa bei nzuri mali itakayomtoka siku muuzaji atakapopatwa na homa ya mapafu? Mkataba wa kupangisha aliouandika, kama hati ya ukoo haikumpa ruhusa maalumu, ulikufa pamoja naye, na mkulima aliyetia samadi na kujenga ghala akajikuta hana hifadhi mbele ya bwana mpya. Miti mikubwa ya mbao hakuruhusiwa kuikata, wala kufungua machimbo mapya; alikuwa kama mtu aliyeachiwa shamba la minazi aangue nazi, asiguse shina. Kweli, mara nyingi hati ilimsamehe kwa kumwandikia kwamba hatadaiwa kwa uharibifu, lakini hata msamaha huo ulikuwa na mpaka wake, na mpaka huo uliwekwa na kisa ambacho wanafunzi wa sheria husomeshwa mpaka leo.

Lord Barnard, mwenye ngome ya Raby katika kaskazini ya Uingereza, alikuwa ameiandika ngome hiyo iwe yake kwa maisha, kisha ipite kwa mwanawe, na alikuwa na msamaha huo wa uharibifu katika hati. Ikatokea akakasirishwa na mwanawe. Akakusanya wafanyakazi 200, na kwa siku chache tu wakaivua ngome risasi ya paa, vyuma, vioo, milango na mbao, vitu vilivyothaminiwa pauni 3,000, fedha nyingi mno kwa zama zile, na kumwachia mrithi kuta. Alipopelekwa mahakamani akajibu kwamba hati inamruhusu. Mahakama ya Chansela, katika hukumu ya mwaka 1716, ikakataa: msamaha wa sheria hauwi ruhusa ya kubomoa kwa chuki, na aliyevunja akaamriwa kuirudisha ngome katika hali yake ya kwanza. Huo ukawa msingi kwamba mwenye kula mapato ana amana kwa wale wanaomfuata, hata pale ambapo karatasi haisemi neno.

Bila shaka kumzuia mtu asiharibu si kumfanya atengeneze. Kuchimba mitaro ya kukausha shamba lenye maji kuligharimu fedha ambazo hazirudi ila kwa miaka mingi, na fedha hizo mmiliki wa maisha alipaswa kuzitoa mfukoni mwake, mfuko ule ule ambao ndio pekee aliokuwa na uhuru wa kuwaachia binti zake. Shamba likitengenezwa faida ni ya mwana mkubwa, asipolitengeneza binti wanapata akiba. Baba mwenye huruma, na wala si mzembe, aliacha shamba lizame. Waliotaka kuuza sehemu ya ardhi walilazimika kulisihi Bunge lipitishe sheria ya peke yake kwa ajili ya ukoo mmoja, na gharama ya mawakili ikala sehemu ya kile kilichotafutwa. Sheria za mwaka 1856 na 1877 zililegeza mambo kidogo kwa kuipa Mahakama ya Chansela uwezo wa kutoa idhini na kumruhusu mmiliki kupangisha mpaka miaka 21, lakini bado kila jambo kubwa lilipita mlangoni mwa jaji.

Kisha ikaja miaka ya 1870 na masaibu yake: mvua zisizokoma, mavuno mabaya, na ngano ya bei rahisi kutoka nyanda za Marekani, iliyoletwa kwa reli na meli za moshi. Kodi za mashamba zikaanguka. Yaliyoandikwa katika hati hayakuanguka: fungu la mjane, mafungu ya wadogo, na riba ya rehani za zamani yalikuwa yamekadiriwa kwa pauni katika miaka ya neema, na sasa yalitolewa kwanza kabla mmiliki hajapata chake. Watu walioitwa matajiri wakawa na ardhi kubwa na pato dogo, wakiishi katika nyumba za vyumba 100 zinazovuja, na chini yao wakulima katika vijumba visivyofaa kukaliwa na binadamu. Wenye siasa kali wakadai kwamba hati hizo zote zipigwe marufuku.

Aliyetoa njia ya kati alikuwa Lord Cairns, mtu wa chama cha wahafidhina aliyepata kuwa Chansela, na kwa jitihada yake ikapita Sheria ya Ardhi Zilizofungwa ya mwaka 1882. Sheria hiyo haikuvunja hata hati moja. Ilimpa mmiliki wa maisha uwezo wa kuuza ardhi yote, kuibadilisha kwa nyingine, kuipangisha miaka 21 kwa kilimo, 60 kwa machimbo na 99 kwa ujenzi, na kuitengeneza kwa fedha ya ukoo yenyewe; na orodha ya matengenezo yaliyoruhusiwa ilianzia mitaro na umwagiliaji ikapita nyumba za vibarua mpaka kuta za kuzuia bahari, gati na reli. Karibu haya yote aliyafanya kwa hiari yake, bila ya ruhusa ya jaji wala ya mwanawe. Alichotakiwa ni kuwapa wadhamini wa hati taarifa na kupata bei iliyo bora.

Lakini fedha ya mauzo haikuingia mkononi mwake. Ililipwa kwa wadhamini wasiopungua wawili, au mahakamani, ikawekwa katika amana za serikali au mali nyingine iliyoruhusiwa, na yeye akala faida yake kama alivyokuwa akila kodi ya ardhi, na baada yake warithi wale wale wakaifuata kwa daraja zile zile. Hapo ndipo palipokuwa na ujuzi wa Cairns. Aliona kwamba wafungaji wa ardhi walikuwa wamechanganya vitu viwili, udongo na thamani ya udongo, na kwamba ukoo waweza kuhifadhiwa thamani hali udongo umeachiliwa uende kwa mtu atakayeulima. Haki za wote zilibaki. Kilichobadilika ni kitu ambacho haki hizo zilikuwa juu yake.

Jambo la pili lilikuwa kali zaidi. Kifungu cha 51 kilisema kwamba sharti lolote katika hati linalomkataza mmiliki kutumia uwezo huu, au linaloelekea kumzuia, ni batili. Baba hakuweza kuandika kwamba mwana atakayeuza atapoteza haki yake. Mwana mwenyewe hakuweza kuahidi kwamba hatauza. Na hata aliyekuwa amekwisha kuiuza haki yake ya mapato kwa mdai alibaki na uwezo wa kuuza ardhi, ingawa yule mdai alihifadhiwa. Sijui sheria nyingine ya zama zile iliyosema kwa uwazi kama huo kwamba maagizo ya marehemu yana kikomo mbele ya mahitaji ya walio hai.

Sheria hiyo ilipofika mahakamani ilijaribiwa upande wa nia za watu. Mwaka 1883 mtu mmoja alikuwa amekwisha kununua haki ya mrithi, akitumaini kuingia katika nyumba mmiliki atakapokufa, akaja kulalamika kwamba mmiliki anataka kuuza. Jaji akamjibu kwamba sababu iliyo moyoni mwa muuzaji, iwe mapenzi, uchovu au inda, haihusu, maadamu bei ni ya haki. Lakini sheria hiyo hiyo ilimwita mmiliki mdhamini kwa wote katika kuutumia uwezo wake, na mwaka 1901 maneno hayo yakapata maana katika kisa cha mjane mmoja aliyeachiwa nyumba kwa muda wa ujane wake tu. Alikuwa anakaribia kuolewa tena, na kwa kuwa ndoa ingalimtoa katika nyumba, akataka kumpangishia mchumba wake nyumba hiyo kwa miaka 21, ili apite mlango mmoja akiwa mjane na arudi kwa mlango mwingine akiwa mke. Kodi haikuwa mbaya, na huenda mchumba alikuwa mpangaji mwema. Hata hivyo mahakama ikamzuia, kwa kuwa alitumia uwezo wa amana kujipatia yale ambayo hati ilimnyima.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Savernake, katika jimbo la Wiltshire. Marquess wa Ailesbury, kijana aliyezama katika mashindano ya farasi na mikono ya wakopeshaji, alitaka kuuza msitu, mashamba na jumba la wazee wake kwa Lord Iveagh, tajiri wa kiwanda cha bia cha Guinness, kwa pauni 750,000. Ndugu zake wakapinga kwa hasira. Kwa jumba kuu kulikuwa na kizuizi: sheria ya mwaka 1890 ilitaka idhini ya wadhamini au amri ya mahakama kabla nyumba kuu ya ukoo haijauzwa. Shauri likapanda mpaka Baraza la Malodi mwaka 1892. Huko ikasemwa kwamba maslahi ya kupimwa si ya damu na jina peke yake. Kuna wapangaji na vibarua wanaoishi katika ardhi, ambao chini ya bwana aliyefilisika hawatapata paa wala ua, na kuna tofauti kubwa baina ya pato la mashamba yale na riba ya fedha ile. Idhini ikatolewa. Ajabu yake ni kwamba mauzo yenyewe hayakutimia. Marquess akafa mwaka 1894 kabla hajapita sana miaka 30, ami yake aliyekuwa mpinzani wake akarithi, na Iveagh akanunua Elveden kule Suffolk. Ardhi ikabaki kwa ukoo, lakini hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Vyombo na picha za urithi navyo viliweza kuuzwa kwa amri ya mahakama, na wenye majumba walijua vema thamani yake. Jumba la Blenheim, lililofungwa kwa sheria ya Bunge kwa ajili ya Duke wa Marlborough wa kwanza, lilipata sheria yake mwaka 1880, kabla ya ile ya wote; maktaba yake ikapigwa mnada kati ya 1881 na 1883, na mwaka 1885 picha ya Raphael ikanunuliwa kwa ajili ya Jumba la Taifa la Picha la London kwa pauni 70,000, bei ambayo haikuwa imepata kutolewa kwa picha.

Sasa na tuvuke bahari. Katika waliokuwa mstari wa mbele kuzishambulia hati za ukoo alikuwamo Arthur Hobhouse, aliyepata kuwa mjumbe wa sheria katika baraza la serikali ya Bara Hindi, na mwaka 1880 alichapisha hotuba zake za kupinga mamlaka ya wafu juu ya mali. Huyo ndiye, akiwa sasa ni Lord Hobhouse, aliyesoma mwaka 1894 hukumu ya Baraza la Privy la London katika shauri la ndugu wawili wa Bengal, ambao walikuwa wamewakifia mali yao dhuria wao kizazi baada ya kizazi, na wakikatika, iwe ya wajane, mayatima na maskini. Baraza likasema kwamba sadaka kwa maskini iliyo mbali kiasi hicho ni kivuli tu, na kwamba huo si wakfu bali ni ukoo kujifungia mali milele, likaubatilisha. Waislamu wa Bara Hindi wakalalamika kwamba watu wa kigeni wamewafundisha maana ya sadaka, na mwaka 1913, kwa mswada aliouongoza Muhammad Ali Jinnah, ikapita sheria ya kuzithibitisha wakfu za namna hiyo. Sheria hiyo haikuwa ya Afrika Mashariki. Mahakama za huku zikaendelea kufungwa na hukumu ya 1894, na katika shauri lililotoka Kenya, ambalo hukumu yake ilichapishwa katika ripoti za mwaka 1952, Baraza la Privy likairudia tena. Kwa bahati njema serikali ya Kenya mwaka 1951 ilikuwa imeweka katika sheria yake ya makamishna wa wakfu kifungu cha kukubali wakfu wa ukoo ambao mwisho wake ni kwa maskini au kheri nyingine ya daima.

Nataka nimtendee haki Hobhouse. Hata Uingereza mtu hakuweza kuifungia jamaa yake mali milele, na wakfu wa ukoo kwa asili yake ni wa milele. Hivyo hakubuni kanuni kwa ajili ya Waislamu peke yao. Lakini tofauti ya dawa yaonekana wazi. Ukoo wa Kiingereza uliojifunga upya kila kizazi, hata ukapita miaka 200, uliambiwa: hati yenu na isimame, ila udongo uwe huru na thamani ibaki. Ukoo wa Kiislamu uliambiwa hati yake si kitu, na warithi wakagawana palepale. Na hali fikihi yenyewe haikukosa njia ya kati: kwa madhehebu ya Hanafi, mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, akipata idhini ya kadhi aweza kuibadilisha mali ya wakfu iliyoharibika au isiyozaa kwa nyingine iliyo bora, nayo ikashika mahali pake na masharti yale yale, jambo lisilo mbali na fedha ya Cairns mikononi mwa wadhamini. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, ni magumu zaidi katika kuuza. Hilo lilikuwa jambo la kutengenezwa na wanavyuoni na watunga sheria kwa pamoja, kama lingaliachwa litengenezwe.

Tofauti nyingine, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo, ni ya mtu aliyekabidhiwa uwezo. Katika wakfu anayesimamia ni mutawalli, na juu yake kuna jicho la kadhi. Kwa Hanafi hata kupangisha kwake kumewekewa mpaka, mwaka mmoja kwa nyumba na mitatu kwa mashamba. Uingereza ilimkabidhi uwezo yule yule anayekula. Na sheria kubwa za ardhi za mwaka 1925, zilizopitishwa kwa jitihada ya Lord Birkenhead, hazikumwondoa, bali zilimwongezea: sasa milki yenyewe ya kisheria iliandikwa kwa jina lake, na hati zikawa mbili, moja ya kumtaja yeye kuwa mwenyewe, ambayo mnunuzi huonyeshwa, na nyingine yenye siri za ukoo, ambayo kwa kawaida mnunuzi hana haja ya kuiona wala haki ya kuidai. Muda wa kupangisha ukafika miaka 999 kwa ujenzi na misitu. Wadhamini, ambao mtu angaliwadhania kuwa walinzi, walikuwa zaidi ni watu wa kupokea fedha na taarifa. Sheria iliwaambia wazi kwamba hawatalaumiwa wakikaa kimya.

Kwa mtu mwaminifu na mwenye akili mpango huo ulifanya kazi nzuri. Kwa asiyekuwa hivyo ulimfungulia mlango. Katika shauri moja lililoamuliwa mwaka 1950, mmiliki wa maisha alizificha karatasi za kifungo, akawaonyesha wakopeshaji hati za zamani zilizomwita mwenye ardhi kamili, akachukua fedha kwa rehani na kuzila. Mahakama ikasema rehani hizo ni batili kwa ukoo, na wakopeshaji wasio na hatia ndio waliobeba hasara. Lililoshangaza zaidi ni kwamba sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu wa majumba ilianza kuwaangukia watu wa vijumba. Mwaka 1972 ilikuja mbele ya Mahakama ya Rufaa habari ya mjane wa mfanyakazi wa milki ya Tredegar, aliyeahidiwa kukaa katika kijumba chake mpaka afe bila ya kulipa kodi, na ambaye wanunuzi wapya walitaka kumtoa, ingawa wao wenyewe walipunguziwa bei kwa sababu yake. Majaji wote watatu walikubaliana kwamba asiondoke. Lakini wawili kati yao walifika huko kwa kumwita mmiliki wa maisha chini ya sheria ya 1925, na maana yake ni kwamba bibi huyo aliyetaka kulala chini ya paa lake tu alipewa, pasipo kuomba, uwezo wa kukiuza kijumba kwa yeyote. Lord Denning, wa tatu wao, hakutaka kuifuata njia hiyo, na naona katika hilo alikuwa na haki. Hukumu nyingine iliyochapishwa mwaka 1990 ikampa uwezo kama huo mwanamke aliyeahidiwa nyumba ya kukaa huko London. Watu wa kawaida walioandika wasia wa mistari michache, "mke wangu akae humu mpaka afe, kisha nyumba iwe ya watoto," walikuwa wameunda, pasipo kujua, ardhi iliyofungwa yenye hati mbili na masharti yasiyoweza kuandikwa bila wakili.

Blenheim ilirudi tena mahakamani katika shauri lililoripotiwa mwaka 1994, safari hii kwa hofu kwamba mwana wa Duke, ambaye ndiye angalikuwa mmiliki wa maisha baada ya baba yake, hakufaa kukabidhiwa uwezo huo. Wadhamini wakaomba waruhusiwe kuiweka ardhi chini yao wenyewe, yeye apewe mapato tu, na mahakama ikasema inao uwezo wa kuruhusu mabadiliko hayo hata yeye akikataa. Ukitazama vema, hilo lilikuwa ni kukiri, katika jumba lile lile lililotangulia sheria ya Cairns, kwamba uwezo wa kuuza na haki ya kula havipasi kukaa katika mkono mmoja kila mara.

Bunge lilikiri hivyo kwa nchi nzima mwaka 1996. Sheria ya Amana za Ardhi ya mwaka huo iliuondoa uwezo kwa mwenye kula na kuuweka kwa wadhamini, ambao sasa wana mamlaka kama ya mwenye mali kamili, wanapaswa kushauriana na wanaonufaika, na waweza, wakiona vema, kumkabidhi mnufaika baadhi ya kazi zao chini ya macho yao. Kwa hiyo Uingereza, baada ya miaka 114 ya kujaribu njia nyingine, ilifika karibu zaidi na mutawalli kuliko ilipokuwa siku Hobhouse alipoisoma hukumu yake. Na kama mtu ataniuliza ni lipi kosa la Cairns, nitasema kwamba aliona kweli ni kitu gani kiachiliwe, akakosea ni nani apewe ufunguo.

Tangu tarehe 1 Januari 1997 ardhi mpya haiwezi kufungwa kwa sheria ya 1925 katika Uingereza na Wales. Zile zilizokuwa zimefungwa kabla ya siku hiyo zinaendelea na wamiliki wao wa maisha, na uwezo wao ni ule ule. Lakini hati yoyote kati ya hizo itakayofikia hali ya kutobakiwa na ardhi wala vyombo vya urithi ndani yake hutoka chini ya sheria hiyo moja kwa moja, na ardhi itakayonunuliwa baadaye kwa fedha zake hushikwa na wadhamini.